Kidole Tumbo cha Kushoto

Watu wakiniuliza mdogo wangu wa kiume aliugua nini, nawajibu kidole tumbo, basi. Nimechoka kueleza. Ukitaka kuieleza habari hii lazima uanzie kwa mama, na ukianzia kwa mama utaambiwa unamsema vibaya mzazi wako. Kidole tumbo kila mtu anakijua. Kiko upande wa kulia, chini. Kikivimba unapasuliwa, unakaa wiki, unarudi shambani. Cha mdogo wangu kilikuwa kushoto, na hapo ndipo tulipopoteza siku nne nzima, tukakaribia kumpoteza na yeye.

Kilikuwa kushoto kwa sababu vyote vya ndani yake vimekaa kinyume. Moyo unapiga kulia. Ini liko kushoto. Wengu, matumbo, kila kitu kimekaa kama ungekitazama kwenye kioo. Hayo ya ini na wengu tuliambiwa na daktari, sote tukiwa watu wazima. Ya moyo tuliyajua tangu siku aliyozaliwa. Mkunga alikuwa anampaka mafuta, akaweka kiganja kifuani pake, kisha akakihamisha upande wa kulia. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nimeshika beseni la maji ya moto pale mlangoni. Nilimwona akiuchukua mkono wa mama na kuuweka pale pale alipoweka wake. Mama akasema neno moja tu, "Mfunike."

Huku kwetu Salale, kijijini katikati ya mikoko, wakati huo maneno ya vigego yalikuwa hayajaisha. Mtoto akiota meno ya juu kwanza, au akizaliwa katanguliza miguu, anatazamwa vingine. Samaki wakiadimika anatajwa, nguruwe wakila mpunga anatajwa. Zamani zaidi hawakuishia kumtaja. Mama alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili waliozaliwa kati yangu na yeye, na hakuwa tayari kumpa mtu yeyote sababu ya kumtazama huyu wa tatu. Aliniita nyuma ya jiko, akanishika sikio, akaniambia, "Mwili wa nduguyo ni siri ya nyumba hii. Ukiutoa nje, umemtoa yeye." Nikaapa. Mtoto wa miaka tisa anaapa upesi, halafu kiapo kinakaa naye mpaka nywele zinaota mvi.

Mwenyewe aliijua hali yake kadiri alivyokua. Siku waliyofundishwa shuleni habari za moyo alirudi nyumbani akamuuliza mama, na mama akamjibu kwamba walimu hawajui kila kitu, na kwamba asicheze mpira kifua wazi. Akakua hivyo, kifungo cha shati kimefungwa mpaka shingoni. Akawa mvuvi wa kamba. Wenzake wanavua nguo zote za juu wakivuta wavu, yeye fulana imemganda mwilini na tope la mikokoni, na wakimtania kwamba anamwonea haya nani, anacheka tu. Sikumbuki hata siku moja tulipokaa sisi watatu tukalizungumza jambo lile. Tulilipita kama watu wanavyopita kaburi lililo uani.

Aliugua akiwa mtu mzima, mke wake akiwa ndani na mtoto mchanga, arobaini haijatoka. Ilianza asubuhi. Aliacha wali kwenye sahani, jambo ambalo hajapata kulifanya, akasema tumbo linamsokota kitovuni. Kesho yake maumivu yakahama kitovuni, yakashuka chini upande wa kushoto, yakakaa hapo. Wazee wakasema ngiri. Kwetu mwanamume akiumwa popote chini ya kitovu ni ngiri, hata akiwa amekanyaga mwiba watatafuta njia ya kuufikisha kwenye ngiri. Akachemshiwa mizizi, akanywa, akaitapika yote.

Nikampeleka zahanati. Daktari wa pale ni kijana mpole, alimlaza, akambonyeza kulia, akambonyeza kushoto, mdogo wangu akaruka. Yule kijana akatikisa kichwa. "Ingekuwa kulia," akasema, "ningekwambia kidole tumbo, muondoke sasa hivi. Lakini kushoto, hapana." Akampa dawa za mkojo mchafu.

Maneno yale niliyasikia kwa masikio yangu mawili. Siku hizi nikiwa napalilia peke yangu huwa yananijia, nami nasimama na jembe mkononi kama mtu aliyesahau alichofuata. Nikisema sikuelewa nitakuwa nadanganya kidogo. Moyo ni moyo na tumbo ni tumbo, nilijiambia hivyo, sikusoma zaidi ya darasa la saba. Lakini kuna kitu kilinigusa pale kwenye benchi la zahanati, nikakifukuza kama unavyofukuza nzi kwenye chakula cha mgeni. Tukarudi nyumbani na vidonge.

Siku ya nne homa ilipanda na matapishi yakawa ya kijani. Nikasema sasa twende. Lakini maji yalikuwa mafu, mkondo umekauka, na boti la mashine limekaa juu ya tope likisubiri. Tulisubiri na sisi kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Mama alikaa kichwani pake akimpepea kwa ukaya wake wa kichwani, na mara moja moja anavuta shati lake ili lisifunuke. Hasira zilinipanda. Mtu anatapika nyongo, wewe unafunga vifungo! Sikusema. Kwetu mama haambiwi hivyo.

Mgonjwa hapelekwi hospitali na mtu mmoja, na mama ilibidi abaki na mkwe mwenye mtoto mchanga, kwa hiyo bibi jirani akaja nasi. Ni mwanamke aliyekaa mlango wa pili na wetu tangu kabla sijazaliwa, amenilea kwa mkono wake, amenichapa pia. Alikuja na mkeka, chupa ya chai na kanga mbili za akiba, akapanda botini bila kuulizwa. Njia nzima mpaka Nyamisati alishikilia kichwa cha mgonjwa kisigonge ubao. Kutoka hapo tukapata gari, tukapita Kibiti, tukaendelea. Hospitali tuliyoingia sitaitaja wala sitasema iko wapi. Waliokuwemo walifanya kazi yao. Kosa kubwa lilikuja nasi kwenye gari.

Daktari wa upasuaji alikuwa mtu wa makamo, macho mekundu, anaongea taratibu kama mtu ambaye hajalala siku mbili na hana mpango wa kulala. Alimpima tumbo. Akauliza maswali mengi, na kwa kuwa mgonjwa alikuwa anasema kwa shida, nilijibu mimi. Amepata choo lini? Ametapika mara ngapi? Aliwahi kupasuliwa? Kisha akauliza, kalamu iko juu ya karatasi, "Ana ulemavu wowote, au hali yoyote aliyozaliwa nayo?"

Mdogo wangu alinitazama. Alikuwa amelala, macho yake tu ndiyo yaliyogeuka. Aliniachia mimi, kwa sababu mimi ndiye dada, na kwa sababu mama hayupo mimi ndiye mama. Bibi jirani alikuwa anafunga kifuniko cha chupa ya chai.

"Hana," nikasema.

Daktari akaandika. Wakampiga picha ya eksirei. Baadaye sana tulikuja kuelezwa kilichotokea kule chumba cha picha. Yule mpiga picha aliona mambo yamekaa upande usio wake, akadhani ameweka alama ya kulia na kushoto vibaya, na kwa kuwa ni mtu makini akairekebisha kabla ya kuituma. Sikumlaumu. Aliona jambo ambalo haliwezekani akafanya liwezekane, na sisi tuliokuwa tunajua kwamba linawezekana tulikuwa tumekaa nje kwenye benchi au nyumbani kwenye mkeka. Mashine ya altrasaundi ilikuwepo, lakini mtaalamu wake alikuwa amekwenda semina.

Daktari akasema huenda utumbo umejikunja, huenda ni jiwe la figo, hana hakika. Akamwekea dripu na mrija wa puani na dawa za sindano, akasema atamwangalia tena. Asubuhi maumivu yakapungua. Yakapungua ghafla, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mdogo wangu akatabasamu, akaomba chai. Mimi na bibi jirani tulikumbatiana pale wodini mpaka muuguzi akatukemea. Nikampigia mama simu nikamwambia hajambo, Mwenyezi Mungu ametusikia.

Mama akauliza, "Wamemvua shati?"

Nikamwambia kidogo tu.

Sikujua, na nani angetuambia, kwamba kidole tumbo kikipasuka mtu hupata nafuu. Kile kilichokuwa kinabana kimefunguka, usaha umemwagika, na kwa saa chache mgonjwa anakuchekea. Kufika adhuhuri tumbo lilikuwa gumu kama ubao wa kukunia nazi. Ulimi umekauka, vidole vya mikono baridi, anapumua juu juu. Aliacha kunitazama. Nilimwita kwa jina la utotoni, la nyumbani, akafungua macho akayafumba.

Daktari akaja mbio. Akaweka kile kifaa cha kusikilizia mapigo kifuani, upande wa kushoto. Akasikiliza. Akakisogeza kidogo. Akasikiliza tena, akakunja uso, akakitoa masikioni akakigonga na kidole, kama mtu anayedhani kimeharibika. Nilisimama miguuni pa kitanda namwona akigonga kile kifaa kizima. Na mimi, mwanamke wa makamo, mama wa watu, nilikuwa bado naogopa kushikwa sikio.

"Kulia, daktari," nikasema.

"Kulia nini?"

"Moyo wake. Uko upande wa kulia."

Alikihamisha kifaa upande wa pili, akasikiliza muda mrefu macho yamefumbwa. Kisha akatoka, akarudi na ile picha, akaishika dirishani kwenye mwanga, akaigeuza nyuma mbele, akaitazama tena. Akaweka mkono kwenye tumbo, chini kushoto, akauacha pale.

"Mama," akaniambia, "kidole tumbo chake kiko hapa. Na kimeshapasuka."

Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Nilikuuliza jana."

Afadhali angenifokea. Nikamjibu, na jibu lenyewe linaniaibisha mpaka leo, "Uliniuliza ulemavu. Moyo wake hauna ulemavu, unapiga vizuri." Nilikuwa nabishana na mtu anayetaka kumwokoa ndugu yangu. Alinitazama kwa yale macho mekundu, akaniletea karatasi ya kutia sahihi.

Alinieleza upesi upesi. Alisema hali hii ameisoma chuoni, hajapata kuiona kwa mtu aliye hai. Atapasua katikati, kuanzia juu ya kitovu kushuka chini, ili aone kila kitu kilipo badala ya kubahatisha. Alimpigia simu mwalimu wake wakazungumza, nikamsikia akisema kwamba atasimama upande wa kushoto wa kitanda, ambako hajawahi kusimama kwa kazi hii, maana mikono yake imezoea kwenda kulia yenyewe. Aliposema hivyo nilimwamini. Mtu anayejua mikono yake itakosea wapi si mtu wa mchezo.

Wakamchoma kaputi, sindano ya usingizi, alasiri. Tulikaa nje mimi na bibi jirani. Alikuwa anavuta tasbihi, mimi sikuweza hata kusali. Nilikuwa nahesabu siku: zahanati moja, vidonge moja, tope moja, hospitali moja. Kila siku kati ya hizo nilikuwa na neno lile mdomoni, na neno lenyewe halina urefu. Yule daktari wa zahanati alikwisha kunipa nusu yake. Nilichotakiwa ni kuongeza nusu nyingine.

Walimtoa kabla ya magharibi. Daktari alisema usaha ulikuwa umejaa tumbo zima, wameosha na kuosha, na kwamba huenda wakalazimika kumfungua tena. Baada ya siku kadhaa wakamfungua tena. Jeraha liliachwa wazi, likawa linasafishwa kila asubuhi, na kila asubuhi alining'ata mkono. Kila asubuhi walikuja pia madaktari wanafunzi, wakajipanga foleni kumsikiliza kifua. Mtu aliyeoga na fulana maisha yake yote alilala pale kifua wazi akawaacha wasikilize, mmoja baada ya mwingine. Mara moja mmoja wao alisema asante, na mdogo wangu akalia. Nilidhani ni kidonda.

Tulikaa wiki tano. Nililala chini ya kitanda chake kwenye mkeka wa bibi jirani, ambaye alirudi nyumbani akaniachia. Nilipika kwenye jiko la ndugu wa wagonjwa, nikafua, nikajua majina ya wauguzi wote na ya watoto wao. Mpunga wangu ulikomaa nikiwa kule na ndege wakala walichotaka. Sijisifu. Ninachosema ni kwamba uchovu wa wiki zile haujanitoka, nikiinama unauma, nikikaa unauma, na nikipewa pole kwa kumuuguza ndugu yangu unauma zaidi.

Alirudi amekonda, mwepesi kama shuka. Amebaki na kovu refu katikati ya tumbo, na kovu limelegea, akikohoa tumbo linatokeza. Daktari anasema hiyo ndiyo ngiri, atakuja kuishona akipata nguvu. Kwa hiyo wazee wa kijiji mwishowe wameipata ngiri yao, na wanatembea vifua mbele. Wavu hawezi kuvuta. Anashinda kibarazani akishona nyavu za wenzake, mtoto wake miguuni.

Daktari alimpa barua, imeandikwa upande gani kuna nini, aionyeshe kokote atakakougua. Siku tuliyofika mama aliipokea, akaikunja, akaitia chini kabisa ya sanduku lake la nguo. Mdogo wangu alimtazama akifanya hivyo. Siku ya tatu, watu walipojaa kuja kumjulia hali, wanaume kibarazani na wanawake uani, mlango uko wazi, aliinuka kwa kujikongoja, akaenda kwenye sanduku akaitoa. Akafungua vifungo vya shati, vyote. Akasema kwa sauti ambayo sisi wa uani tuliisikia, "Jamani, moyo wangu uko upande huu. Nilizaliwa hivi. Nataka mjue, ili siku nyingine nikianguka mtu amwambie daktari."

Mama aliingia chumbani kwake akafunga mlango. Mimi nilishika kifua nikingoja. Miaka yote ile nilikuwa nimejiandaa kwa saa hii, na nyuso nilizozitazamia nilizijua. Mmoja akakohoa. Mwingine akasema, "Alhamdulillahi, la msingi umepona." Wakaanza kuzungumza habari za bei ya kamba, na chai ikazungushwa.

Kilichonitia wasiwasi ni kwamba hakuna aliyeshangaa. Hata wale wenzake wa wavu, waliomtania fulana miaka yote, walikuwa wanatazama chini ndani ya vikombe. Walipoondoka nilimfuata bibi jirani uani kwake. Alikuwa anapeta mchele.

"Bibi," nikamwambia, "mbona hakuna aliyeshangaa?"

"Washangae nini tena?"

"Moyo wake."

"Aa, hilo." Akapuliza pumba pembeni. "Mkunga alituambia siku ileile, mwanangu. Akasema mama yako hataki litajwe. Basi tukasitiri. Hapa nani asiyejua?"

Nilikaa chini juu ya kinu kilicholala. Nikamuuliza habari za vigego, nikamuuliza kama watu hawakusema.

"Samaki wameadimika mara ngapi hapa?" akaniuliza. "Mpunga umeliwa mara ngapi? Umepata kumsikia mtu anamtaja nduguyo? Nani wa kumfanyia mama yako hivyo, kazika wawili?"

"Na pale hospitali," nikasema. "Daktari aliponiuliza. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Sasa mbona hukusema, bibi? Alikuwa anakufa!"

Aliuweka ungo chini.

"Dada mtu yupo," akasema. "Kaulizwa, kasema hana. Mie ningekuaibishaje, mwanangu, mbele ya daktari?"